Pikapu ya dizeli inawaka vizuri Mtwara lakini inagoma alfajiri Njombe: tatizo ni betri au ni baridi?

Muuza Viazi, Mikindani

Habari za kazi ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni.

Nina pikapu ya dizeli yenye injini ya silinda nne na betri moja ya volti 12. Kwa sehemu kubwa ya mwaka inafanya kazi za hapa hapa Mtwara mjini na Mikindani, lakini kuanzia Mei hadi Agosti dereva wangu huipeleka Njombe kuchukua viazi mviringo kwa njia ya Masasi, Tunduru na Songea. Hapa pwani gari hili halijawahi kunisumbua kuwaka. Ukizungusha ufunguo tu linaitika. Taabu inaanza Njombe. Likilala nje usiku, alfajiri stata inazunguka kwa uzito na kusuasua, moshi mweupe unatoka kidogo kwenye bomba, kisha nguvu zinaisha na kubaki sauti ya kugongagonga tu. Dereva hulazimika kutafuta vijana wa kusukuma, au kusubiri hadi saa nne jua likishapanda, na hapo mara nyingi gari linawaka lenyewe kana kwamba hakukuwa na jambo. Mzigo ukishafungwa, kuchelewa huko kunatufanya tuingie sokoni wenzetu wakiwa wameshauza, na viazi vilivyokaa kwenye magunia siku ya ziada katika joto letu havisubiri mtu.

Mafundi nao wamenichanganya. Wa kwanza, huko huko Njombe, alisema betri imekufa. Mwingine akasema stata ndiyo mbovu na inapaswa kubadilishwa. Gari liliporudi Mtwara nikalipeleka gereji, fundi akaliwasha mara moja, akasema betri ni nzima kabisa na kwamba baridi ya kule ndiyo inayoleta shida, kisha akaongeza tindikali kidogo kwenye seli na kunirudishia. Betri hiyo ina zaidi ya miaka miwili. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: je, baridi inaweza kuifanya betri nzima ishindwe kuwasha gari? Ninunue betri kubwa zaidi? Na dereva afanye nini akiwa kule ili asikwame?

Fundi Umeme wa Magari, Masasi

Dada, pole kwa usumbufu, na ahsante kwa kueleza dalili kwa utaratibu, kwa sababu maelezo yako yana nusu ya jibu ndani yake.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu wa huku kusini tunalielewa kinyume. Kinachoua betri hapa kwetu ni joto. Baridi ya Njombe inaifichua tu betri ambayo joto la Mtwara limekwisha kuila. Ndani ya betri kuna sahani za risasi zilizozama katika tindikali iliyochanganywa na maji, na kila kinachotokea humo ni kazi ya kemia, ambayo huenda kasi kunapokuwa na joto na huzubaa kunapokuwa na baridi. Gari linalofanya kazi mchana kutwa pwani, boneti limefungwa, injini inawaka na jua liko juu, betri yake inaishi katika joto linalozidi sana lile tunalolisikia sisi nje. Maji yanapungua kwa mvuke, fremu za sahani zinaliwa na kutu, na hata gari likiwa limeegeshwa tu chaji inavuja yenyewe upesi zaidi. Kwa kadirio linalokubalika na watengenezaji wengi, kila joto la betri linapopanda kwa nyuzi 10 hivi, umri wake unakaribia kupungua kwa nusu. Ndiyo maana betri ya miaka miwili na ushei hapa kwetu tayari ni mzee.

Sasa kwa nini mzee huyo anawasha gari Mtwara bila kulalamika? Kwa sababu hapa anaombwa kazi ndogo. Hata mwezi wa Julai alfajiri yetu huwa karibu na nyuzi 20; injini haijapoa sana, oili ni nyepesi, na betri yenyewe ina joto la kutosha kutoa umeme wake upesi. Njombe, mji ulio juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukielekea Makete hata jalidi hupiga mashamba. Betri iliyo nzima, ikifika nyuzi sifuri, hubaki na takriban theluthi mbili tu ya nguvu ya kuwashia iliyonayo ikiwa kwenye nyuzi 27, na wakati huo huo injini baridi yenye oili nzito inadai nguvu mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Kwa hiyo mahitaji yanapanda na uwezo unashuka kwa pamoja. Betri nzima inavuka pengo hilo. Betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo haivuki. Ni kama mtu mwenye pumu ambaye anatembea sawasawa ufukweni lakini anakwama katikati ya mlima: mlima haukumpa pumu.

Hivyo fundi aliyewasha gari lako Mtwara na kutangaza kwamba betri ni nzima hakuwa amepima kitu. Kuwaka kwa injini yenye joto si kipimo cha betri. Kipimo ni mita, na mita ndogo ya umeme haina gharama ya kutisha. Natamani kila mwenye gari la biashara angekuwa nayo. Gari likishalala usiku kucha bila kuwashwa, pima kati ya vichwa viwili vya betri. Ukisoma volti 12.6 au zaidi kidogo, betri imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni betri tupu kwa matumizi ya kuwashia gari. Kisha, na hiki ndicho kipimo chenyewe, mtu mmoja azungushe stata huku mwingine akiangalia mita. Katika joto letu la pwani namba isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka zaidi ya hapo ilhali betri ilikuwa imejaa, betri imechoka, hata kama injini imewaka. Mwisho, injini ikiwa inanguruma, pima tena: unapaswa kuona kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Chini ya hapo alteneta, yaani mashine inayoijaza betri injini ikinguruma, haichaji vya kutosha. Juu ya 15 inachaji kupita kiasi na inachemsha maji ya betri, jambo ambalo kwenye joto letu ni msiba.

Kuhusu tindikali aliyoongeza, samahani kwa kusema wazi, lakini tabia hiyo inanikera sana kwa sababu nimeona betri nyingi zikimalizwa kwa namna hiyo. Kinachopungua kwa joto ni maji, tindikali inabaki humo humo. Ukiongeza tindikali juu yake unaikoleza kupita kiasi na kuharakisha kuliwa kwa sahani. Kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa tu, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, hadi yafunike sahani na kufikia alama. Maji ya kisima usiyaguse kabisa, na hapa Mtwara na Lindi ambako visima vingi vina chumvi onyo hili ni la lazima. Maji ya kunywa ya chupani nayo yana madini yake, hayafai.

Jambo la pili ni chumvi ya bahari. Magari ya Mikindani yanapumua upepo wa chumvi usiku na mchana. Fungua klipu za betri, kisha ufuate waya wa ethi, ule unaotoka kichwa cha hasi, mpaka pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, au kutu chini ya bolti, hapo umeme wako unapotea njiani. Safisha kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi, yale yale ya kuivishia maharage, kwa sababu magadi huua tindikali. Hakikisha vifuniko vya seli vimefungwa ili maji hayo yasiingie ndani. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Ukiwa na mita, weka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu azungushe stata: isome sehemu ndogo tu ya volti moja. Ikikaribia nusu volti au kuizidi, waya wa ethi au kiungio chake kina kasoro.

Stata usiibadilishe kwanza. Stata yenye njaa ya umeme inazunguka sawasawa na stata mbovu, na watu wengi wamenunua stata bila sababu. Naomba uniulizie dereva swali moja: Njombe wanapakia viazi usiku? Na kama wanapakia usiku, wanawasha taa za gari injini ikiwa imezimwa?

Mkufunzi wa Ufundi, Lindi

Salamu kwa wote. Simpingi Fundi wa Masasi katika lolote alilosema kuhusu betri, lakini umetaja moshi mweupe, Mama, na moshi huo usipite hivi hivi.

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka inapata joto kali, dizeli inapuliziwa humo, inawaka yenyewe. Injini ikiwa baridi, chuma cha silinda kinanyonya joto hilo kabla halijafikia kiwango cha kuwasha dizeli, na stata ikizunguka polepole hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu hewa inapata muda wa kuvuja na kupoa. Kwa ajili hiyo kuna plagi za hita, moja kwa kila silinda, ambazo huwa nyekundu kwa moto kwa sekunde chache kabla hujazungusha stata. Moshi mweupe wakati stata inazunguka una maana kwamba dizeli inafika kwenye silinda na inatoka bila kuungua. Kusingekuwa na moshi kabisa, ningekuambia uangalie njia ya mafuta. Kwa kuwa moshi upo, ninashuku plagi za hita.

Na hapa pwani plagi hizo zinaweza kufa zote pasipo mtu kujua, kwa sababu injini nyingi katika joto letu zinawaka bila kuzihitaji. Gari linaweza kukaa Lindi miaka mitatu bila plagi hata moja nzima, na siku linapopanda nyanda za juu ndipo mwenye gari anapopata habari. Kuzipima ni rahisi: fungua waya au ukanda wa shaba unaoziunganisha, kisha pima ukinzani wa kila plagi kati ya kichwa chake na chuma cha injini. Plagi nzima husoma kiasi kidogo sana, karibu na omu moja au pungufu. Iliyokufa haisomi kitu. Zikiwa nzima zote, angalia kama umeme unazifikia ufunguo unapowekwa kwenye nafasi ya kupasha, kwa maana rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) au fyuzi inaweza kuwa ndiyo imekatika. Dereva naye afundishwe kusubiri taa ya plagi kwenye dashibodi izimike kabla ya kuzungusha. Madereva wetu wa pwani wamezoea kuzungusha moja kwa moja, na hawana lawama, kwa kuwa huku hakuna kilichowahi kuwafundisha kusubiri.

Nisisitize jambo moja la hatari. Wapo watakaomshauri dereva apulizie dawa ya kuwashia injini, ile ya etha inayouzwa kwenye makopo, kwenye njia ya hewa. Kwenye injini yenye plagi za hita asifanye hivyo. Etha ikikutana na plagi iliyo nyekundu inalipuka kabla ya wakati wake, na inaweza kuvunja pistoni au kumchoma mtu usoni.

Oili nayo iangaliwe. Magari mengi ya huku yanawekewa 20W-50, na kwa joto letu si vibaya. Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza jinsi oili inavyotiririka katika baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyobaki nyepesi. Kwa gari linalolala Njombe mwezi Julai, 15W-40 ya dizeli ingemsaidia stata kidogo, ilimradi kitabu cha gari kinairuhusu.

Dereva wa Lori, Newala

Wakubwa wamemaliza upande wa ufundi, mimi niongeze ya barabarani. Huku juu kwetu Newala tuna ukungu na ubaridi wa Juni na Julai, ingawa haufikii wa Njombe, na nimelala sana Makambako na Njombe na mzigo.

Jioni, dereva aelekeze mdomo wa gari mbali na upepo, aegeshe karibu na ukuta kama upo, na akiweza aegeshe kwenye mteremko wenye njia wazi mbele ili ikishindikana aliserereshe liwake kwa gia. Hilo ni kwa gari la gia za mkono tu. Alfajiri azime kila kitu: taa, redio, feni, chaja ya simu. Akanyage klachi hadi mwisho wakati wa kuzungusha, kwa sababu oili ya giaboksi nayo imeganda na stata isibebeshwe mzigo huo. Asizungushe zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Apumzishe dakika moja au mbili ndipo arudie. Anayeng'ang'ania ufunguo bila kupumzika anaunguza stata na kuimaliza betri kwa pamoja.

Kule nimeona watu wakiweka jiko la mkaa chini ya injini. Naomba sana dereva wako asikubali. Chini pale kuna mabaki ya oili na dizeli, na waya za umeme. Afadhali aifungue betri jioni, akalale nayo ndani ya chumba, imesimama wima na bila kuchajiwa humo, alfajiri airudishe ikiwa na joto. Ni usumbufu lakini inasaidia kweli.

Wenye Canter na malori ya volti 24 wanaosoma hapa, msichukue umeme wa redio au wa chaja kwenye betri moja kati ya zile mbili. Moja inaisha, nyingine inajazwa kupita kiasi, na baridi ikija zote mbili zinakuangusha.

Na akihitaji kubusti kutoka gari jingine: waya wa chanya uanze kwenye betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililoisha, mbali na betri yenyewe. Betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Pikapu ya volti 12 isibustiwe na lori la volti 24.

Muuza Viazi, Mikindani

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awabariki. Nimempata fundi mwenye mita na tumefuata maelekezo yenu.

Dereva amethibitisha kwamba viazi hupakiwa usiku, taa za mbele zikiwashwa ili wapakiaji waone, na injini huwa imezimwa ili kuokoa mafuta. Asubuhi, baada ya gari kulala, betri ilisoma 12.3. Stata ilipozungushwa ikashuka hadi 8.7, ingawa gari liliwaka papo hapo kama kawaida yake. Kipimo cha ethi kilikaribia volti moja nzima. Bolti yake kwenye bodi ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ilikatika wakati wa kufunguliwa. Alteneta inachaji 14.2. Plagi za hita mbili kati ya nne hazisomi kitu.

Sasa maswali yangu ni mawili. Betri iliyopo ni ya saizi ya N50, nami nataka kuweka N70 ambayo ni kubwa zaidi. Je, itaharibu alteneta? Na je, nikisafisha ethi na kubadilisha plagi, betri hii inaweza kuchajiwa ikaendelea msimu mmoja zaidi?

Fundi Umeme wa Magari, Masasi

Dada, umefanya kazi ambayo mafundi watatu wa mwanzo hawakuifanya. Majibu yako yanaonyesha mambo manne yaliyoungana: betri iliyochoka na isiyojaa, ethi iliyooza, plagi mbili zilizokufa, na taa za usiku zinazokula kilichobaki. Hakuna hata moja ambalo lingelisimamisha gari likiwa peke yake hapa pwani.

N70 haitaharibu alteneta wala stata. Stata huchukua umeme inaouhitaji tu, na alteneta yenye afya kama yako itaijaza, ila itahitaji muda mrefu zaidi wa injini kunguruma, jambo ambalo safari ya Masasi hadi Songea inalitoa kwa wingi. Angalia tu kwamba inakaa kwenye kitako chake, upande wa chanya na hasi unalingana na waya zako, vichwa vyake havigusi boneti, na bano lake linakaza barabara, kwa maana betri inayorukaruka kwenye vumbi la barabara za mashambani hupukutisha sahani zake. Dukani nenda na mita. Betri iliyokaa rafuni muda mrefu katika joto letu huwa imeanza kuzeeka kabla hujainunua. Ikisoma chini ya 12.4 iache, na uombe uonyeshwe tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa imeandikwa ampea za CCA, yaani nguvu ya kuwashia katika baridi, linganisha namba hiyo kati ya betri mbili za ukubwa mmoja, kwa sababu ndiyo inayopimwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na yenye namba kubwa zaidi ndiyo ya kukufikisha Njombe.

Ya zamani, ichaji polepole usiku kucha kwa chaja, siyo kwa gari, kisha rudia kipimo cha stata ethi ikiwa imeshatengenezwa. Ethi mbovu haishushi volti za vichwa vya betri, kwa hiyo usitarajie muujiza. Lakini hukuwa umepima ikiwa imejaa, na ni haki ipewe nafasi hiyo moja. Ikishikilia juu ya 9.6, inaweza kuhudumia gari la hapa mjini, lakini Njombe isiende nayo. Ikishindwa, ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima; usiruhusu mtu aimwage tindikali uani wala watoto waichezee, kwa sababu risasi ni sumu.

Kwa kupakia usiku, nunua taa ya kuchaji ya kujitegemea, ile yenye paneli ndogo ya jua, mwanga wake unatosha kuhesabia magunia na betri ya gari haiguswi.

Utaratibu wa kazi uwe huu: ethi kwanza, plagi za hita zote nne kwa pamoja, kisha betri. Stata ibaki ilipo. Ukishamaliza, pima tena alfajiri hapo Mikindani kabla ya safari. Betri mpya iliyojaa inapaswa kubaki juu ya volti 10 wakati stata inazunguka. Ikisoma chini ya hapo, rudi kwenye waya mnene wa chanya unaotoka betri kwenda stata, uupime kama ulivyoupima ule wa ethi, kwa kuwa nao umepigwa na upepo ule ule wa chumvi.